Tai wa Vichwa Viwili na Tembo wa Tabora

Sarafu ya dhahabu ya rupia 15 iliyopigwa Tabora mwaka 1916 ina tembo aliyeinua mkonga, mlima ukiwa nyuma yake. Upande wa pili kuna tai wa Dola ya Ujerumani, mwenye kichwa kimoja. Mfanyabiashara wa Unyanyembe, nchi ya Tabora, aliyewahi kushuka pwani na pembe zake alimjua tai mwingine, wa vichwa viwili, aliyekuwa kwenye reale ya fedha ya Maria Theresa wa Austria. Reale hizo ziliendelea kuandikwa 1780, mwaka aliokufa malkia huyo, hata zilipopigwa miaka mia baadaye. Unguja na Bagamoyo zilipokelewa bila ubishi. Bara hazikuwa na kazi kubwa: huko watu walitaka merikani, kaniki, shanga na masango ya waya, na hongo ya watemi, yaani ushuru wa njia, ililipwa kwa nguo.

Dola hizo mbili za tai zilikuwa ndugu waliogombana. Mwaka 1866 Prussia iliipiga Austria huko Königgrätz, na mwaka 1871 ikaunda Dola ya Ujerumani bila nduguye. Lakini mwaka 1879 wakafunga mkataba wa kusaidiana vitani. Austria haikupata koloni Afrika, ila baadhi ya watu wake walifuata misafara ya Wajerumani. Mmoja wao, Oscar Baumann wa Vienna, alikamatwa mwaka 1888 na Bushiri bin Salim, kiongozi wa upinzani wa pwani dhidi ya Wajerumani, pamoja na Mjerumani Hans Meyer, akaachiwa baada ya kulipiwa fidia. Sidhani kama Bushiri alijisumbua kuuliza yupi katoka Vienna.

Tabora nayo haikuchukuliwa kirahisi. Emin Pasha, aliyeitumikia Ujerumani, alipandisha bendera ya Ujerumani Agosti 1890, lakini Mtemi Isike wa Unyanyembe aliwapinga Wajerumani mpaka Januari 1893, boma lake lilipovunjwa naye akalipua ghala lake la baruti. Reli ya kati ilifika mjini mwaka 1912 ikifuata kwa sehemu kubwa njia ya misafara, na mwanzoni mwa 1914 ikafika Kigoma.

Juni mwaka huohuo mrithi wa kiti cha Austria, Franz Ferdinand, aliuawa Sarajevo. Berlin iliiahidi Vienna kwamba itasimama nayo kwa lolote litakalotokea, na kwa ahadi hiyo Mnyamwezi ambaye hajapata kuisikia Sarajevo akajikuta amebeba mzigo wa vita. Manowari za Waingereza zilifunga pwani, na sarafu hazikuweza tena kuletwa kutoka Ulaya. Gavana Heinrich Schnee alipohamishia serikali yake Tabora, karakana ya reli ikageuzwa kiwanda cha fedha. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke. Zilipigwa sarafu za tembo zaidi ya 16,000, na za hela 5 na hela 20 kwa wingi mno, nyingi za shaba ya manjano. Ukishika moja ya hizo hela 20 utaona kazi ya haraka: chapa imepinda, herufi hazikukaa sawa. Juu kuna taji, chini kuna herufi T ya Tabora.

Wabelgiji wa Jenerali Tombeur waliingia mjini tarehe 19 Septemba 1916. Jenerali Kurt Wahle wa Ujerumani, mstaafu aliyekuja kumtembelea mwanawe vita vikamkuta huku, alirudi nyuma na askari wake kuelekea Iringa, na wapagazi wengi wakaishia njiani kwa njaa na maradhi.

Mwaka 1919 mkataba wa Versailles uliivua Ujerumani makoloni yake. Ule wa Saint-Germain uliikataza Austria kuungana na Ujerumani bila idhini ya Shirikisho la Mataifa, ingawa Waaustria wengi wakati ule walitaka kuungana. Machi 1938 Hitler aliivunja amri hiyo kwa majeshi. Vita vilipozuka tena Septemba 1939, Mwaustria aliyekuwa Afrika Mashariki na pasipoti mpya ya Ujerumani alihesabiwa na Waingereza kuwa adui, hata kama alikuwa amekuja huku kumkimbia Hitler huyohuyo.