Kijana wa Visiwani: Shindano la Kuogelea Chali, Antwerpen 1920

Mji wa Antwerpen huko Ubelgiji, ambao wazee wetu waliuita Anvers, si mgeni kwa watu wa Lubumbashi. Mwaka 1911 tanuru la mji wetu lilianza kuyeyusha shaba. Reli kutoka kusini ilikuwa imefika hapa mwaka uliotangulia, nayo ikaichukua shaba hiyo mpaka bandari ya Beira, na kutoka Beira meli zikaivusha bahari. Baada ya vita kuu ya kwanza, shaba nyingi ya Katanga ilisafishwa katika viwanda vya Hoboken, karibu kabisa na Antwerpen. Basi jasho la babu zetu liliujua mji ule kabla ya macho yao kuuona. Leo twasimulia habari nyingine ya mji huo huo, yaani shindano la kuogelea la mwaka 1920. Lakini mwishoni tutarudi nyumbani, maana habari hii inatuhusu.

Vita vilikwisha mwaka 1918. Ubelgiji ilikuwa imekanyagwa na majeshi miaka minne, nao wakuu wa Michezo ya Olimpiki wakaupa mji wa Antwerpen heshima ya kuwakaribisha wachezaji wa dunia. Asubuhi ya tarehe 14 Agosti 1920, Kardinali Mercier aliongoza sala katika kanisa kuu la mji, kuwakumbuka wachezaji waliokufa vitani. Kisha Mfalme Albert akaifungua michezo. Siku hiyo bendera yenye pete tano ilipepea mara ya kwanza katika Michezo ya Olimpiki, na Mbelgiji mmoja, Victor Boin, akala kiapo kwa niaba ya wachezaji wote. Hayo mawili yanafanyika hata leo.

Wajerumani na wenzao wa vitani hawakualikwa. Jambo hilo lilikuwa na uzito katika kuogelea chali, kwa sababu Wajerumani ndio waliokuwa mabingwa wa mchezo huo. Walishinda mwaka 1900, wakashinda 1904, wakashinda tena 1908. Na mwaka 1912 huko Stockholm walipata nafasi ya pili na ya tatu.

Labda msomaji atauliza: kuogelea chali ni kuogelea gani? Katika mashindano mengine mwogeleaji husimama juu ukingoni akaruka. Huyu wa chali huanza akiwa majini tayari, ameshika ukingo kwa mikono na kuukanyaga ukuta kwa nyayo. Wakipewa ishara anajisukuma, analala kwa mgongo, uso umeelekea mbinguni, na anakwenda kinyumenyume. Haoni aendako. Zamani waogeleaji wa chali walirusha mikono yote miwili kwa pamoja, kama mtu anayepiga makasia mawili. Kumbe mwaka 1912 Mmarekani Harry Hebner alitumia mikono kwa zamu, mmoja ukitoka majini na mwingine ukiingia, bila kusimama. Akawashinda wote, na tangu hapo dunia nzima ikamfuata.

Bwawa la Antwerpen halikuwa kama mabwawa ya siku hizi, yenye maji meupe na mistari chini. Lilitengenezwa katika handaki la maji la ngome za zamani za mji. Maji yalikuwa meusi na ya baridi kali, nao waogeleaji wengi walilalamika. Fikirini basi taabu ya vijana waliotoka nchi ya joto kuja kuoga humo.

Na vijana wa nchi ya joto walikuwapo. Walitoka visiwa vya Hawaii, katikati ya Bahari ya Pasifiki. Visiwa hivyo vilikuwa na wafalme wao wenyewe mpaka mwaka 1893, ufalme ulipopinduliwa. Mwaka 1898 Marekani ikavitwaa. Kwa hiyo vijana hao walishindana chini ya bendera ya Marekani, ingawa nchi yao haikufanywa jimbo kamili la Marekani mpaka mwaka 1959.

Mmoja wao aliitwa Warren Kealoha, mwenye umri wa miaka 17. Tarehe 22 Agosti, katika mbio za kuchuja, aliogelea mita 100 kwa dakika 1 na sekunde 14.8. Hakuna mtu duniani aliyekuwa amefanya hivyo kabla yake. Kesho yake yakaja mashindano ya mwisho. Kealoha akafika wa kwanza kwa dakika 1 na sekunde 15.2. Wa pili alikuwa Ray Kegeris wa Marekani. Wa tatu, kwa dakika 1 na sekunde 19, alikuwa Mbelgiji Gérard Blitz, kijana wa miaka 19. Wa nne alikuwa Perry McGillivray wa Marekani, na wa tano Harold Kruger, naye pia mwana wa Hawaii. Hivyo Blitz alipambana na Wamarekani pande zote, akawatangulia wawili mbele ya watu wa nchi yake.

Nishani aliyopewa Blitz ni ile ya shaba nyeusi. Sisi watu wa Katanga twajua kwamba shaba nyeusi ni shaba iliyochanganywa na bati, na kwamba udongo wa Katanga ya zamani una vyote viwili.

Blitz hakuwa mwogeleaji mdogo. Alikuwa pia katika timu ya Ubelgiji ya mpira wa majini, iliyopata nafasi ya pili mwaka 1920 na 1924, na ya tatu mwaka 1936. Kealoha naye alirudi mwaka 1924 huko Paris. Safari hii Wahungaria, waliofungiwa mlango mwaka 1920, walikuwapo. Kealoha akashinda tena, kwa dakika 1 na sekunde 13.2, akawa mtu wa kwanza kushinda kuogelea chali katika michezo miwili ya Olimpiki. Basi asiseme mtu kwamba alishinda Antwerpen kwa sababu Wajerumani hawakuwapo.

Sasa tuulize: imekuwaje visiwa vidogo vikazishinda nchi kubwa? Maana Kealoha hakuwa peke yake. Huko huko Antwerpen, katika mita 100 za kuogelea kwa mtindo huru, watatu wa kwanza wote walitoka Hawaii: Duke Kahanamoku, Pua Kealoha na William Harris. Miaka tisa kabla yake, Kahanamoku alikuwa ameogelea katika bandari ya Honolulu kwa mwendo ambao wakuu wa michezo huko Marekani bara walikataa kuusadiki. Walidhani saa zimekosea. Mwaka 1912 alikwenda Stockholm mwenyewe, akashinda, wakasadiki.

Jibu letu ni hili: samaki mkunje angali mbichi. Mtoto wa Hawaii alipewa maji tangu utoto. Bahari ilikuwa mlangoni pake, wakubwa wake waliogelea, naye akajifunza kwao. Ufalme wake uliondolewa, lakini bahari hakuna aliyeifungia mlango.

Hapa kwetu mambo yalikuwa mengine. Mwaka ule wa 1920 mji wetu uliitwa Élisabethville, nao ulikuwa na miaka kumi tu. Wazungu walikaa mjini. Waafrika walikaa katika kambi za wafanyakazi na katika mtaa waliopangiwa, na baadaye eneo tupu likaachwa kati yao. Mabwawa ya kuogelea yalipojengwa katika miji ya Kongo kwa ajili ya Wazungu, Mwafrika hakuruhusiwa kutia hata mguu. Kisha wengine wakasema kwamba mtu mweusi hawezi kuogelea! Hao waliwasahau wavuvi wa Luapula na wa ziwa Moero, na watu wa Lualaba, ambao maji ni shamba lao. Mtu akikufungia mlango, kisha akakucheka kwamba hujui kuingia, usimsadiki.

Nchi yetu ilifika katika Michezo ya Olimpiki mara ya kwanza mwaka 1968 huko Mexico, nasi tulipeleka waendesha baiskeli tu. Lakini Afrika haikubaki ukingoni. Kirsty Coventry wa Zimbabwe alishinda mita 200 za chali za wanawake mwaka 2004 na tena 2008. Donata Katai, naye wa Zimbabwe, aliogelea chali katika Michezo ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021, akawa mweusi wa kwanza wa nchi yake kuogelea katika Olimpiki. Na kwa upande wa wanaume, Pieter Coetze wa Afrika Kusini alishinda mita 100 za chali katika mashindano ya dunia huko Singapore mwaka 2025, kwa sekunde 51.85. Linganisheni hesabu hiyo na ile ya Kealoha, mtaona jinsi watu walivyoendelea kujifunza.

Hata hivyo hatukuandika haya kwa ajili ya nishani. Sisi makatekista twaitwa katika nyumba za matanga, nasi tumewazika watoto waliozama. Mvua zinapoanza, mashimo yaliyochimbwa mchanga na udongo wa matofali hujaa maji, watoto wakitoka shule huenda kucheza humo. Wazazi wengi hudhani dawa ni kuwatisha watoto waogope maji. Lakini mtoto huenda vilevile, ila huenda kwa siri, na hofu aliyofundishwa ndiyo inayomzamisha. Akishikwa na woga husimama wima majini, hunyosha mikono juu, na maji humfunika. Angelala chali, kichwa nyuma, masikio majini, tumbo juu na kifua kimejaa pumzi, maji yangemchukua. Uso wake ungebaki nje, angeweza kupumua na kuita mpaka watu wamfikie.

Hilo ndilo jambo la kwanza analofundishwa mwogeleaji wa chali. Mtoto yeyote wa Katuba au Kenya aweza kulijifunza, mahali penye maji ya kifuani, akishikwa mgongo na mkubwa anayejua kuogelea. Mashimo hayafai kwa kazi hiyo. Katika parokia zetu wamo watu waliozaliwa kando ya Luapula na Moero, waliojifunza kuelea kabla ya kujifunza kusoma. Tuwaombe watufundishie watoto kabla mvua hazijaanza.