Mtabila: Historia Iliyoyeyuka kwa Mvua



Tumezoea kudhani historia ya nchi hii imeandikwa kwenye mawe tu. Mgeni akija tunampeleka Kilwa Kisiwani au Bagamoyo, tunamwonyesha kuta za matumbawe na chokaa, tunapiga picha, tunarudi mjini. Lakini Watanzania wengi, pamoja na wageni tuliowahifadhi, wameishi ndani ya kuta za udongo. Na udongo una adui mmoja asiyechoka: maji.

Leo nataka tuzungumze habari ya unyevu kwenye ukuta wa tofali. Usicheke, mdau. Ukuta nao una siasa yake.

Twende Mtabila, wilayani Kasulu, kwenye nyanda za juu za Kigoma. Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa Oktoba 1993, vita ikafuata, na Warundi kwa maelfu wakavuka mpaka. Mtabila ikawa moja ya kambi zao. Mkimbizi huanza na turubai. Turubai likichakaa na vita bado haijaisha, anachimba udongo, anaukanyaga na maji, anafyatua matofali na kuyaanika juani. Nyumba inasimama.

Tatizo ni kwamba tofali la jua ni tofali mbichi. Lililochomwa hubadilika kabisa kwa moto, halirudi tena kuwa tope. Lile mbichi limeshikamana kwa sababu tu limekauka. Likilowa sana, linarudi lilikotoka. Na kule Kasulu mvua huanza Oktoba au Novemba, ikaendelea hadi Aprili au Mei. Zaidi ya nusu mwaka!

Maji huingia ukutani kwa njia tatu. Kwanza kutoka juu, paa linapovuja. Pili kutoka pembeni: mvua ya upepo, na yale matone yanayodunda chini na kuurukia ukuta. Tatu kutoka ardhini, maana tofali hunyonya maji kama utambi wa koroboi unavyonyonya mafuta. Ndiyo maana nyumba ya udongo huanza kuliwa miguuni. Ukiona ukuta umechongoka chini kama mti uliotafunwa na mchwa, ujue maji yamekuwa kazini.

Wazee wa Buha walilijua hilo zamani. Nyumba yao ya asili ilikuwa ya msonge, nyasi zikishuka mpaka karibu na ardhi. Mvua haikupata ukuta wa kuupiga. Halafu mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma, watu wakahamishiwa vijijini, na nyumba ya pembe nne ikazidi kuhesabiwa kuwa ndiyo maendeleo. Ukuta ulionyooka ukabaki wazi mbele ya mvua, mara nyingi chini ya upenu mfupi.

Dawa ikatajwa kuwa saruji. Kiwanda cha Wazo Hill kilikuwa kimeanza uzalishaji mwaka 1966, lakini kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200, na Kasulu bado hujafika. Mwalimu Nyerere aliliona hili. Mwaka 1977, akitathmini miaka kumi ya Azimio la Arusha, aliwalalamikia wanaokataa tofali la kuchoma huku wakisubiri saruji na bati. Kwake huko kulikuwa kupooza kwa mawazo.

Mafundi wengi bado hawajamwelewa. Ukuta wa udongo ukilowa, wanaupiga lipu ya saruji. Nje unang'aa, ndani unaoza! Saruji ni ngumu na haiuachii ukuta kupumua vizuri. Maji yanayopanda kutoka chini yanakosa pa kutokea, yanapanda juu zaidi, na siku lipu ikibanduka inaondoka na udongo wake. Hata wewe wa Tabata au Sinza, ule unga mweupe unaosukuma rangi ukutani mara nyingi ni chumvi iliyoletwa na maji. Ukipaka rangi juu yake unaficha ugonjwa.

Tiba huanzia kwenye chanzo. Refusha upenu. Chimba mtaro uyapeleke maji mbali. Inua msingi wa mawe, kisha weka lami au nailoni nzito kati ya msingi na tofali la kwanza ili kukata njia ya unyevu. Waingereza walikuwa wakifanya hivyo tangu karne ya 19, wakitumia lami na vipande vya mawe bapa. Mwisho, ukuta wa udongo upewe lipu ya udongo na mchanga, au ya chokaa, na urudiwe kila kiangazi.

Hapo kwenye kurudia kila kiangazi ndipo siasa inapoingia. Mtu hukarabati ukuta akiamini msimu ujao atakuwepo. Kambi kisheria ni makazi ya muda. Nani ajenge msingi wa mawe mahali ambapo kesho anaweza kuambiwa afungashe? Lakini "muda" wa Mtabila ulikaribia miaka ishirini. Watoto walizaliwa hapo, wakasoma hapo, wakaoa hapo, ndani ya kuta zilizojengwa kwa kubahatisha.

Agosti 2012 Serikali iliwafutia wengi wao hadhi ya ukimbizi. Kati ya Oktoba na Desemba mwaka huo zaidi ya watu 30,000 walirudishwa Burundi, na kambi ikafungwa. Angalia miezi hiyo: ni mwanzo wa mvua. Nyumba ya tofali mbichi ikikosa paa na mtu wa kuitunza, misimu michache inatosha kuirudisha ardhini.

Leo vijana wengi wanalijua jina la Mtabila kwa ajili ya JKT, kikosi cha 825 KJ. Mwaka 2015 Burundi ilipochafuka tena, kambi ya Nduta kule Kibondo ilifunguliwa upya. Baadhi ya waliorudi Tanzania walikuwa wamewahi kuishi Mtabila. Wakaanza tena na turubai, kisha udongo.

Kilwa itatunzwa, nami nafurahi. Lakini aliyezaliwa Mtabila mwaka 1996 leo ni mtu mzima, na hana ukuta wa kumwonyesha mwanawe. Kama hatuandiki habari zake sasa, akiwa bado anazikumbuka, baadaye tutachimba nini? Tope halina maandishi.