Nani Alilipwa Kuiandika Karagwe?

Omurushaka, njia panda ya kwenda Kyerwa na Murongo, imo Karagwe, nchi ambayo habari zake za kale zimeandikwa kwa zaidi ya miaka 150, na kwa muda mrefu kalamu ilishikwa na aliyelipwa kutoka mbali. Wavumbuzi Speke na Grant kutoka Uingereza walifika kwa Mfalme Rumanyika wa Karagwe mwezi Novemba 1861, safari yao ikiwa imedhaminiwa London, na swali walilotumwa nalo lilikuwa chanzo cha Mto Nile. Speke alichukua utepe akampima unene mwanamke mmoja wa jamaa ya mfalme, na katika kitabu chake cha 1863 akadai kwamba watawala wa huku wana asili ya Uhabeshi. Wahunzi waliofua ng'ombe wadogo wa chuma waliotunzwa ikuluni Bweranyange hawakumshughulisha kiasi hicho. Sisemi kwamba mfadhili humwamuru mtafiti aseme uongo. Nasema kwamba anayelipia muda ndiye anayechagua swali, na hilo huamua nusu ya jibu.

Ajira ya utafiti yenyewe, yaani mtu kulipwa mwezi hadi mwezi ili aulize na kuandika, ilishika mizizi Afrika Mashariki pale Makerere, kwenye taasisi ya utafiti wa jamii aliyoiongoza Audrey Richards kuanzia 1950. Fedha zilikuwa za serikali ya kikoloni, na watafiti wengi walitoka Ulaya na Marekani. Chuo cha Dar es Salaam kilipofunguliwa Oktoba 1961 kilileta utaratibu mwingine, ambao naona haujapewa sifa inayostahili: mhitimu bora alibakizwa chuoni, akapelekwa ng'ambo kusoma, akijua nafasi yake inamngoja. Katika miaka hiyohiyo mwanahistoria Israel Katoke aliandika tasnifu kuhusu Karagwe katika Chuo Kikuu cha Boston. Kijitabu chake kilitoka 1970, na kitabu kamili 1975. Jina la kitabu hicho linawataja Wanyambo, wenyeji wa Karagwe, wenyewe, na hadithi inaanzia karibu mwaka 1400. Speke anatokea baada ya zaidi ya karne nne, kama mgeni mwingine tu wa ikulu.

Kuna watakaosema mwenyeji hahitaji ufadhili: mbona Francis Xavier Lwamgira aliandika historia ya ufalme jirani wa Kiziba kwa Kihaya bila kupita chuo kikuu? Ni kweli, lakini Lwamgira alikuwa mtumishi mkubwa wa serikali Bukoba, mwenye mshahara na nafasi ya kuwafikia wazee. Wengine watasema mgeni huona asichokiona mwenyeji. Nakubali, wanaakiolojia wa kigeni wamefukua Kagera mambo ambayo simulizi peke yake zisingeyatoa. Ila mgeni huondoka mradi unapokwisha. Leo kijana wa Nyaishozi au Nkwenda anayetaka kuanza kazi chuoni hudaiwa wastani wa 3.8 katika shahada ya kwanza, na akishamaliza uzamivu, nafasi za utafiti nyingi ni za mikataba mifupi inayofuata fedha za wafadhili wa nje. Halmashauri za Karagwe na Kyerwa hukusanya ushuru wa kahawa kila msimu. Zitenge sehemu yake, zikubaliane na chuo kikuu kimoja, zimlipe mtafiti mmoja kwa miaka miwili aje na maswali ya Wanyambo.