Talaka Tanzania Bara

Talaka ni kuvunjwa kwa ndoa halali wakati wanandoa wote wawili wangali hai. Tanzania Bara inaongozwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayohusu ndoa za kidini, za kimila na za kiserikali. Zanzibar ina sheria zake na Mahakama za Kadhi.

Pa kuanzia. Kwa kawaida, shauri hupelekwa kwanza kwenye Baraza la Usuluhishi wa Ndoa. Usuluhishi ukishindikana, baraza hutoa hati inayoambatanishwa na maombi ya talaka. Asiyejua aliko mwenzi aliyemtelekeza anaweza kwenda mahakamani moja kwa moja. Maombi hupokelewa kuanzia Mahakama ya Mwanzo hadi Mahakama Kuu. Ndoa isiyotimiza miaka 2 huhitaji kwanza kibali cha mahakama.

Sababu. Mahakama lazima iridhike kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Ushahidi waweza kuwa ugoni, ukatili, au kutelekezwa kwa miaka 3 au zaidi.

Mali. Hugawanywa zile zilizochumwa kwa juhudi za pamoja. Katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu (1983), Mahakama ya Rufani ilitambua kazi za nyumbani kuwa mchango katika kuchuma mali. Uamuzi huo uliipa kazi ya mama wa nyumbani hadhi inayostahili mbele ya sheria.

Watoto. Kinachotangulia ni ustawi wa mtoto. Aliye chini ya miaka 7 huchukuliwa kuwa anafaa kukaa na mama, isipokuwa ithibitike vinginevyo.