Mnara wa Dunda, Bagamoyo: Una undugu na Lugalo yetu

Kwetu Mofu tukisema jengo la kale tunafikiria tofali za kuchoma. Huu mnara wa Dunda ni mawe ya matumbawe na chokaa, wa duara, na kuta nene ile mbaya. Wajerumani waliujenga mwaka 1889, wakati wa vita na Bushiri bin Salim. Kazi yake ilikuwa ulinzi: unachungulia nani anakuja, na kama ni adui unampiga kupitia yale matundu ukutani. Nimeuzunguka mara mbili. Mdogo kuliko nilivyodhani, lakini duara halina kona ya mtu kujibanza.

Sasa sikia. Anayetajwa kuujenga ni Emil von Zelewski, ambaye watu wa pwani walimpa jina la Nyundo kwa ukatili wake. Ndiye aliyekuwa Pangani Agosti 1888 kwa niaba ya kampuni ya Kijerumani, akaletewa wanajeshi wa meli na kukata mlingoti wa bendera ya Sultani. Watu wakachachamaa, vita ikaanza. Bushiri alinyongwa hukohuko Pangani, 15 Desemba 1889.

Nyundo akapandishwa cheo kuwa mkuu wa jeshi la Wajerumani huku kwetu. Akaona sasa zamu ya Wahehe. Tarehe 17 Agosti 1891 akaviziwa Lugalo, ng'ambo ya hii milima ya Udzungwa tunayoiona kila siku. Watu wa Mkwawa wakammaliza yeye na wengi wa kikosi chake, wakabeba bunduki kibao. Lugalo ndiyo hiyohiyo mnayoisikia Dar, kambi na hospitali ya jeshi. Kule Iringa upo mnara wa kumbukumbu ya waliokufa.

Shuleni nilikariri Bushiri kivyake, Mkwawa kivyake, kama wa nchi mbili tofauti. Kumbe adui alikuwa mmoja, kwa jina na kwa sura! Mimi hilo lilinigusa kuliko mawe yenyewe.

Kwa wanaotoka Ifakara: pandeni hadi Mikumi, Morogoro, Chalinze, halafu Msata mkate kulia, lami mpaka Bagamoyo. Msipite Dar, mtapoteza muda kwenye foleni bure. Ukifika mjini ulizia Dunda, bodaboda wanaujua.