Uvimbe wa ovari ukikosa hewa huzidi ukali

Msafiri atokaye Changamwe kuingia kisiwani Mombasa hupita Kibarani, mahali ambapo taka za mji zilitupwa kwa miaka mingi kando ya hori la Makupa. Barabara ya tuta iliyojengwa zama za ukoloni ilikuwa imelizuia hori hilo lisipitishe maji, hadi daraja lilipozinduliwa mwaka 2022. Jaa nalo lilifungwa. Maji yaliyotuama yenye taka hupungukiwa na oksijeni, na ni viumbe vistahimilivu tu vinavyosalia humo.

Hali ya kukaribiana na hiyo hutokea ndani ya uvimbe wa saratani ya ovari, viungo viwili vinavyotunza mayai ya uzazi ya mwanamke. Wataalamu huiita haipoksia.

Seli za saratani huzaana upesi kuliko mishipa ya damu inavyoweza kuzifikia. Oksijeni ikishatoka mshipani husafiri kiasi cha sehemu 1 hadi 2 za kumi za milimita, kisha huisha. Seli zilizo mbali zaidi hufa. Zilizo kati na kati huishi kwa dhiki.

Mtu angedhani dhiki hiyo ni heri kwa mgonjwa. Sivyo. Ndani ya seli mna protini iitwayo HIF, ambayo huvunjwavunjwa oksijeni inapotosha. Ikipungua, protini hiyo hujikusanya na kuamrisha mishipa mipya iote, sukari itumiwe bila oksijeni, na seli zihame. William Kaelin na Gregg Semenza wa Marekani pamoja na Peter Ratcliffe wa Uingereza walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2019 kwa kufumbua utaratibu huu. Si utaratibu mbaya kwa asili: ndio unaowaongezea damu wanariadha wanaofanya mazoezi katika nyanda za juu za Iten. Saratani imeuteka tu.

Kwenye ovari madhara yake ni makubwa, kwa kuwa seli hukatika na kuelea katika maji ya tumboni, kisha hunata kwenye utando wa tumbo. Mishipa iliyoota kwa pupa huvuja, na tumbo huzidi kujaa maji. Isitoshe, dawa za tibakemia husafirishwa na damu. Pasipofika damu, dawa hufika kidogo. Dawa ya bevacizumab, iliyoidhinishwa Ulaya kwa saratani hii mwaka 2011, huzuia mishipa hiyo isiote, lakini bei yake si ya kila mtu.

Wapo wauzao maji yanayodaiwa kuongezwa oksijeni ili kuponya saratani. Oksijeni huingia mwilini kwa mapafu, si kwa tumbo, na hata ikijaa damuni haitafika pasipo na mshipa.

Mwanamke ambaye tumbo lake limejaa kwa majuma kadhaa, anayeshiba upesi, anayeumwa nyonga au kwenda haja ndogo mara kwa mara, asikubali kuambiwa ni gesi tu kabla ya kupigwa picha ya ultrasaundi na, daktari akiona haja, kupimwa damu. Kipimo cha mlango wa kizazi, ambacho wengi hukitegemea, hakikukusudiwa kugundua saratani ya ovari.