Bei ya Kusema

Tukizungumzia udhibiti wa intaneti, wengi wetu tunafikiria kuzimwa. Tunakumbuka Uganda, Januari 2021: usiku wa kuamkia uchaguzi mtandao ulikatwa nchi nzima, ukarudi baada ya siku tano. Kukata namna hiyo kila mtu anakuona. Kwa mimi ninayesoma shahada ya uzamili ya historia, hilo lina faida yake: tarehe ipo, malalamiko yapo, ushahidi upo. Kinachoninyima usingizi ni njia ya kimyakimya zaidi, nayo ni bei.

Njia hii si ngeni. Mwaka 1712 Uingereza ilianza kuyatoza magazeti ushuru wa stempu. Kufikia 1815 ushuru huo ulikuwa peni nne kwa kila nakala, mzigo mzito kwa kibarua. Hakuna aliyekatazwa kusoma. Gazeti lilifanywa tu kuwa mali ya wenye nacho. Henry Hetherington alipoanza kuchapa Poor Man's Guardian bila stempu mwaka 1831, alifungwa. Ushuru ulifutwa 1855.

Julai 2018 Uganda ilipita njia hiyohiyo. Rais Museveni alikwisha kulalamika kwa barua kuhusu "lugambo", yaani umbea wa mitandaoni. Ikaja tozo ya shilingi 200 kwa siku kwa anayetumia WhatsApp, Facebook au Twitter. Mwaka huohuo, kanuni za maudhui ya mtandaoni nchini Tanzania zilimtaka mwenye blogu alipe laki moja ya maombi, milioni moja ya leseni, na milioni nyingine kila mwaka. Mkaidi alikabiliwa na faini isiyopungua milioni tano, au kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili.

Wenye mamlaka walitoa sababu: mapato, uzushi, matusi. Tuseme zote ni za kweli. Bado bei haichagui mzushi na mkweli. Inachagua mwenye pesa na asiye nazo.

Hetherington alituachia kesi na kumbukumbu za gereza. Je, kijana aliyekuwa akiandika habari za wilaya yake, akaifunga blogu kwa kukosa milioni mbili, ametuachia nini? Hakuna hukumu wala mhuri wa "marufuku". Ukurasa haufunguki, basi. Mtafiti wa miaka 50 ijayo atakuta kanuni kwenye Gazeti la Serikali na majina ya waliolipa, na huenda akadhani hao ndio pekee waliokuwa na la kusema.

Kwa hiyo sioni sababu ya kusubiri nyaraka zizeeke ndipo tuziite historia. Walioacha kuandika bado wapo, na wengi ni rika letu. Tuwaulize sasa: mliacha lini, na mlikuwa mnataka kusema nini?